Tope la Bagamoyo ni Udongo wa Dodoma

Nikijitambulisha kuwa natokea Bagamoyo, hapa chuoni hakosekani wa kuniuliza: "Sasa wewe mtu wa bahari, huku kwenye vumbi umefuata nini?" Mwaka wa kwanza nilikuwa nacheka tu na kupita. Sasa niko mwaka wa tatu, nasoma ualimu wa Baiolojia na Kemia, na jibu ninalo: nimekuja kuona tope letu linakotoka.

Si utani. Ukitoka mjini kama kilomita 40 hivi unafika Hombolo, kwenye bwawa lililojengwa mwaka 1957 juu ya Kinyasungwe Mdogo. Miezi mingi mto wenyewe ni mchanga mtupu, ng'ombe wanavuka na watu wanachimba visima humo humo. Ikinyesha Desemba au Januari unageuka kuwa mwingine kabisa. Maji mekundu yanashuka Gulwe, Kidete, hadi upande wa Kilosa yanakoingia Mkondoa, Mkondoa unaingia Wami, na Wami unamwaga baharini Saadani, kaskazini ya Bagamoyo. Waliosafiri na Reli ya Kati wanaujua mto huu kwa ubaya wake: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalikata reli kati ya Kilosa na Gulwe. Kwa hiyo udongo unaoondoka kwenye shamba la mtama Chamwino, ule usionaswa na bwawa wala bonde njiani, mwisho wake ni kwetu. Sisi tunayaona maji ya msimu huo kuwa machafu. Kambamiti wanayaona karamu.

Sababu ni kwamba bahari nayo inataka mbolea. Chakula cha mwanzo kabisa baharini ni planktoni mimea, vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoelea juu kwenye mwanga. Vinaliwa na planktoni wanyama, nao wanaliwa na dagaa, dagaa wanaliwa na jodari, na mlolongo unaishia kwenye sahani yako. Vimea hivyo vinahitaji naitrojeni na fosforasi kama mahindi yanavyohitaji. Ule uwiano tunaokariri usiku wa mtihani, atomi 106 za kaboni kwa 16 za naitrojeni kwa 1 ya fosforasi, umepewa jina la Mmarekani Alfred Redfield, aliyeanza kuchapisha hoja yake mwaka 1934. Nilikuwa nadhani ni namba za desa tu. Lakini ukizitafakari zinasema jambo zito: fosforasi ikiisha juu, jua liwake linavyotaka, hakuna kitakachoota.

Na juu huwa inaisha, maana kinachokufa kinazama na mbolea yake. Kwenye bahari kuu, kilichozama kinaweza kukaa huko chini mamia ya miaka. Kwenye maji ya kina kifupi kama ya kwetu sakafu iko karibu. Kinachozama kinaangukia tope, na tope lina wenyewe: bakteria, kaa, chaza, na ile minyoo tunayoichimba kuwa chambo. Wao wanakila, wanakivunjavunja, na mbolea inarudi juu kidogo kidogo, siku kwa siku. Tope ndilo jiko.

Sasa niseme kwa nini haya yamekuwa mambo yangu binafsi na si ya mtihani.

Mjomba wangu ni nahodha wa kokoro. Kwa wasiojua: ni wavu mrefu unaozungushwa na ngalawa kwa nusu duara, kisha watu wanashika kamba pande mbili na kuuvuta hadi ufukweni. Chini una chubwi ili ulale sakafuni. Hauchagui. Kinachokuwa mbele yake kinakuja, mpaka majani ya bahari na samaki wa ukubwa wa kidole. Ni wavu haramu Tanzania, umekatazwa kwenye kanuni za Sheria ya Uvuvi ya 2003. Wavu wake wa mwanzo ulichomwa moto ufukweni yeye akiangalia. Akakopa, akanunua mwingine. Mkopo wangu wa chuo haulipi ada yote, na kinachobaki kinatoka kwenye huo mwingine. Nimeshaandika hapa ili asiwepo wa kudhani nazungumza kutoka juu ya mlima.

Mwezi Machi alinipigia simu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba." (Kwetu anayeita na anayeitwa wote ni mjomba.) Akaniambia wavuvi wa kokoro wanataka kupeleka barua kwa afisa uvuvi, waruhusiwe, na wamekubaliana niiandike mimi, msomi wao. Hoja yao kuu ilikuwa hii: kokoro ni jembe. Linatibua tope, chakula kinapanda, samaki wanakuja kula. Wanasema wameliona kwa macho yao. Enzi za meli za kambamiti, zile zilizokuwa zinakokota sakafu kutoka Saadani hadi huku kwetu, samaki na ndege walikuwa wanafuata nyuma ya meli kama kuku wanavyomfuata anayepepeta. "Sasa kama tope halina faida," mjomba akauliza, "wale walikuwa wanafuata nini?"

Mimi mwenyewe ndiye niliyempa nguvu ya hoja hiyo, bila kukusudia. Likizo iliyopita nilimhadithia habari za Ziwa Tanganyika, ambalo ni refu kwenda chini kiasi kwamba mbolea yake imejifungia huko kwenye maji yasiyo na oksijeni. Upepo wa kusi ukivuma kati ya Mei na Septemba unasukuma maji ya juu, ya chini yanapanda upande wa kusini wa ziwa, planktoni wanaota, dagaa wanapata kula. Ziwa likipata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri, na utafiti uliochapishwa na jarida la Nature mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Dagaa wa Kigoma tunaowanunua soko la Majengo tukisubiri bumu wamo ndani ya hesabu hiyo. Mjomba alisikiliza yote, akachukua moja tu: chini kukitibuliwa, samaki wanakula. Ukweli ni kwamba hajakosea sana. Ndiyo maana sikuweza kumjibu siku hiyo.

Badala ya kumjibu nilikwenda Hombolo na madumu mawili ya lita tano. Nilichota tope na maji ya bwawa, nikakata midomo ya madumu, nikayaweka dirishani hosteli. Wenzangu wa chumbani walilalamika, na walikuwa na haki. Moja sikuligusa. La pili nililikoroga kwa kijiti kila asubuhi na kila jioni, kwa wiki mbili. Hilo si jaribio la kuandikia ripoti, najua: maji baridi si maji ya chumvi, na dumu si bahari. Lakini niliona mambo ambayo desa halikunionyesha.

Dumu lililotulia lilipata utando wa kijani juu ya tope, na maji yakawa meupe. Vijishimo vidogo vilionekana, kuna kitu kilikuwa kinapumua humo chini. Dumu la kukorogwa lilibaki rangi ya chai ya maziwa wiki mbili zote. Kijani hakuna. Mbolea ilikuwa imepanda, sina shaka, lakini mwanga haukupita. Nilipoacha kukoroga, tope likatua, na siku ya tano maji yalikuwa kijani kama mlenda. Nikasema basi, mjomba ameshinda. Wiki iliyofuata kijani chote kikafa kwa pamoja, dumu likanuka yai bovu, na wenzangu wakalitoa nje bila kuniuliza. Vile vijishimo havikuonekana tena.

Kilichotokea ndani ya lile dumu kina maelezo. Tope linalokaliwa na minyoo na kaa lina njia ndani yake, na kwenye hizo njia oksijeni inashuka. Penye oksijeni, fosforasi inashikwa na chembe za chuma na kuachiwa taratibu. Amonia inayotoka kwenye vilivyooza inageuzwa na bakteria kuwa naitreti, sehemu inapanda kulisha planktoni na sehemu inageuka gesi ya kawaida na kwenda hewani. Ni mtambo wenye mizani yake. Ukipitisha wavu, ghala linafunguliwa lote kwa mara moja. Amonia inatoka kwa mpigo, na kama maji ni safi na mkondo si mkali, planktoni wanaweza kuota kwa siku chache. Lakini zile chembe laini ndizo zenye mbolea, na ndizo nyepesi. Zinafunika mwanga kwanza, halafu mkondo unazibeba mbali. Kinachobaki pale mwisho wa safari ni mchanga. Na wale waliokuwa wanachimba njia wamekufa au wameliwa, maana hicho ndicho samaki na ndege walichokuwa wanafuata nyuma ya meli: minyoo iliyokatika, kaa waliopasuka, na samaki wadogo waliotupwa. Walikuwa wanawala wapishi.

Kuna hesabu nilimtumia mjomba kwa ujumbe wa sauti. Mwaka 2017 jarida la PNAS lilichapisha kazi iliyojumlisha tafiti za sehemu nyingi duniani kuhusu nyavu za meli zinazokokota sakafu. Wavu wa aina ya meli za kambamiti, ule unaofunguliwa na mbao mbili pembeni, unazama kwenye tope wastani wa sentimita 2.4 na kuondoa asilimia 6 ya viumbe wa sakafuni kila unapopita. Mitambo ya kuchimbua chaza kwa maji ya nguvu inazama sentimita 16.1 na kuondoa asilimia 41. Asilimia 6 ni ndogo, utasema. Pitisha mara 10 bila kupumzisha, inabaki kama asilimia 54. Na sakafu ikiachwa, inachukua kati ya mwaka 1.9 na miaka 6.4 kurudi karibu na ilivyokuwa. Meli hazikuwa zinapita mara moja kwa miaka sita. Zilikuwa zinarudi palepale penye kambamiti, maana mwenye meli si mjinga.

Serikali ilizisimamisha mwishoni mwa 2007, mwaka uleule chuo chetu kilipofungua milango. Kenya walisimamisha za kwao kwenye ghuba ya Malindi na Ungwana, inakomwaga mito ya Sabaki na Tana, mwaka 2006, kisha wakaziruhusu tena 2011 kwa masharti mapya. Ugomvi huu si wa jana. Mwaka 1376 wavuvi wa Uingereza walipeleka malalamiko bungeni kuhusu wavu mpya wenye chuma unaokokotwa chini na kuharibu kilichoota sakafuni. Hakukuwa na injini wala darubini ya kuonea bakteria. Waliona tu.

Jibu la mjomba lilikuwa la mkulima, ingawa hajawahi kulima zaidi ya mihogo: "Mbona nyinyi huko Dodoma mnaambiwa mlime, msiache ardhi ngumu?" Hapo alinishika kidogo. Kweli, Ugogoni kuna kuberega, kupanda bila kulima kwa kina, na maafisa kilimo wamekuwa wakiwahimiza watu waiache ili maji ya mvua yapate pa kuingia. Udongo wa huku ukikauka ni kama sakafu ya saruji, lazima uvunjwe. Ila tope la baharini halijakauka na halingojei jembe. Lina majembe yake yenye uhai, maelfu, yanafanya kazi usiku na mchana bila posho. Mfano wa karibu zaidi ni shamba jipya. Muulize mkulima yeyote hapa: ukifyeka na kuchoma, mwaka wa kwanza uwele unajaa mpaka unajisifu. Mwaka wa tatu mvua imeshachukua, na wewe unatafuta pengine pa kufyeka. Lile dumu langu lilikuwa shamba la mwaka wa kwanza.

Rafiki yangu mmoja wa Kondoa alinisikia nikieleza haya, akacheka vibaya. Kwao ndiko serikali ilikoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Mmomonyoko ulikuwa umetafuna vilima mpaka makorongo yakawa marefu kuliko nyumba. Mwaka 1979 ikaamriwa mifugo yote itoke kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Ardhi ilipona, hilo hata babu yake anakubali: nyasi zilirudi, miti ikarudi, makorongo yakaanza kufunikwa na majani. Lakini babu mpaka leo anahesabu ng'ombe waliotoka, kwa majina, na kwamba aliyeamua hakuwa na ng'ombe hata mmoja. "Waambie watu wako wa bahari," rafiki yangu akasema, "wanasayansi wako sawa kuhusu udongo. Tatizo lao wanafika na amri kabla hawajafika na chakula." Sikubaliani naye kwa kila kitu. Babu zetu wangeachiwa, pengine kusingekuwa na kilima cha kubishania. Lakini kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike barua badala ya kukataa.

Kabla sijaandika ilinibidi nimtendee mjomba haki. Kokoro si meli. Kwenye mchanga mtupu karibu na ufukwe, mawimbi ya kusi yanatibua sakafu kila siku kuliko chubwi zinavyoweza, na viumbe wanaoishi pale wamezoea. Mwenye kusema kokoro la mchangani linaharibu mbolea ya bahari sawasawa na meli, anazidisha. Madhara yake yako kwingine. Yako kwenye majani ya bahari, ambayo mizizi yake inashika tope lisiondoke na ambayo samaki wadogo wanajificha humo, na wavu ukipita unayang'oa. Yako kwenye macho madogo ya wavu, yanayobeba watoto wa samaki. Na mjomba ana lalamiko la haki ambalo sikutaka lipotee: meli zilikokota miaka kwa leseni, zikaondoka bila kufagia, na aliyechomewa wavu ni anayevuta kwa mikono.

Barua niliyoandika ina kurasa mbili. Haisemi kokoro ni jembe. Inasema wavuvi wako tayari kutoka kwenye majani na kwenye tope la mdomo wa mto, pasikokotwe kabisa, na waliofika zamani wataje mipaka, maana wao wanaijua kuliko ramani. Inaomba wabadilishiwe nyavu, si wachomewe: wapewe jarife na nyavu za kutega zenye macho makubwa, kwa mkopo wa kulipa kwa msimu. Inaomba pia meli zisirudishwe kimyakimya wao wakishatoka.

Nikamsomea mjomba kwenye simu usiku, bei ya dakika ikiwa nafuu. Alinyamaza muda, nikadhani mtandao umekatika.

"Ile ya jembe umeitoa."

"Nimeitoa, mjomba. Si kweli yote."

"Nusu yake?"

"Nusu yake ni kweli."

Akaguna. Akauliza jarife la kutosha watu saba linaweza kufika shilingi ngapi, na nani atawalisha wale kumi na watano wanaovuta kamba, maana jarife halihitaji watu wengi. Hilo la watu kumi na watano halimo kwenye barua. Nililifikiria usiku kucha na bado sijapata pa kuliweka.

Barua imepelekwa na sahihi za wavuvi kumi na mmoja. Ya mjomba haimo. Amesema atasaini siku atakayoushika wavu mpya mkononi. Jumamosi alinitumia elfu themanini ya kumalizia ada. Ilikuwa siku ya bamvua, maji makubwa, siku nzuri ya kukokota.